Jibu la Biopsi ya Titi: Karatasi Inasema Nini, na Umuulize Daktari Nini

Mkazi akifika hospitalini na uvimbe kwenye titi, huambiwa mambo mawili yanayomkosesha usingizi: kwanza kwamba atafanyiwa biopsi, pili kwamba arudi baadaye kwa majibu. Majibu yakifika huwa ni karatasi moja au mbili zilizojaa Kiingereza cha kidaktari, asilimia na alama za kujumlisha. Wako wanaoikunja na kuiweka chini ya godoro. Wako wanaomwita mtoto wa sekondari awasomee. Mtoto akifika kwenye neno gumu analitafuta kwenye simu, na nyumba nzima inaingia matangani kabla daktari hajasema lolote.

Makala haya yanaeleza karatasi hiyo ina nini. Hayachukui nafasi ya daktari. Yanakusaidia uingie kwa daktari ukijua cha kuuliza, na hasa ujue kama jibu ulilopewa limekamilika. Karatasi inayosema tu kwamba ni saratani ni nusu ya jibu, na hakuna daktari anayeweza kupanga matibabu sawasawa kwa nusu ya jibu.

Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa wagonjwa wapya wa saratani nchini Kenya, na wengi hufika hospitalini ikiwa tayari imeenda mbali. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa mwaka 2021, liliweka lengo kwamba uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni mara ya kwanza. Siku 60 huisha haraka kwa mtu anayetoka Bamba au Marafa, ambaye kila safari ya hospitali ni nauli na siku nzima ya kazi.

Kwa nini kinyama kitolewe

Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Kuna vijipira vya wasichana vinavyoteleza chini ya kidole, vifuko vya maji, majipu ya mama anayenyonyesha, mafuta ya titi yaliyoumia baada ya kugongwa, na hata kifua kikuu, ambacho mara chache hujitokeza kwenye titi badala ya mapafu. Mkono wa daktari hutambua kwamba kuna kitu. Picha ya mamografia au ultrasaundi huonyesha umbo lake. Lakini kitu hicho ni nini hasa, ni hadubini inayosema, na hadubini haiwezi kusema bila kuwekewa kipande cha kuangalia. Biopsi ni huko kutoa kipande.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni sindano nyembamba, kama ile ya kutolea damu, inayofyonza seli chache. Ni ya haraka, lakini ni sawa na kuletewa mawe ya ukuta bila ukuta: utajua ni mawe ya aina gani, hutajua ukuta ulijengwaje. Kwa hiyo njia hii haiwezi kuonyesha kama saratani imeshavunja mirija ya maziwa na kutoka nje au bado imo ndani. Ya pili ni sindano nene yenye springi. Daktari hutia ganzi, hutoboa ngozi kidogo sana, kisha sindano hulia “tak” na kutoka na kijinyama chembamba kama kijiti cha kiberiti. Hurudia mara kadhaa ili vipande vitoshe. Hii ndiyo inayopendelewa siku hizi kwa uvimbe unaotiliwa shaka, kwa sababu vipande vyake vinatosha pia kwa vipimo vitakavyofuata. Ya tatu ni upasuaji wa kutoa sehemu ya uvimbe au uvimbe wote, na hutumika pale sindano iliposhindwa kutoa jibu au haifai.

Baada ya sindano nene utasikia maumivu kidogo na pengine ngozi itageuka rangi kwa siku chache kama mtu aliyegongwa. Hayo ni ya kawaida. Damu isiyokatika, usaha au homa si ya kawaida, rudi hospitalini. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kabla, si baada.

Iko hofu inayosikika sana, kwamba uvimbe “ukiguswa na chuma” hukasirika na kusambaa. Hofu hii haikutoka hewani. Watu wengi hufanyiwa biopsi wakati ugonjwa umeshaenea, na mgonjwa akizidiwa miezi michache baadaye, majirani hukumbuka sindano, hawakumbuki mwaka mzima uvimbe ulipokuwa ukikua bila kupimwa. Ukweli ni kwamba wagonjwa waliofanyiwa biopsi ya sindano hawafi zaidi kwa sababu ya sindano hiyo. Wanaoumia ni wale waliokaa bila jibu.

Jambo la hatari zaidi, na halizungumzwi vya kutosha, ni uvimbe kukatwa kisha kisipelekwe kitu maabara. Mgonjwa hutolewa uvimbe, hushonwa, huambiwa umeisha, na nyama iliyotolewa hutupwa. Ikiwa ilikuwa saratani, hakuna awezaye kurudi nyuma kuipima. Kila kinyama kinachotolewa kwenye titi, hata kile ambacho daktari ana hakika ni kijipira tu, kiende maabara. Ukiambiwa utafanyiwa upasuaji wa titi, uliza mapema: “Daktari, hiki mtakachotoa kitapelekwa maabara gani, na majibu nitayachukua wapi?”

Safari ya kinyama hadi maabara

Kinyama kikitoka tu, kinatakiwa kiingie kwenye formalini, dawa inayokizuia kisioze na kisibadilike. Kitiwe ndani ya saa moja, na dawa iwe nyingi, takriban mara kumi ya ukubwa wa kinyama chenyewe. Hapo kikae kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Nambari hizi zinaweza kuonekana kama mambo ya maabara tu, lakini zinamhusu mgonjwa moja kwa moja. Kinyama kilichokaa muda mrefu bila formalini, au kilichotiwa kwenye maji, hupoteza alama zinazohitajika kwenye vipimo vya homoni. Maabara inaweza kuandika kwamba saratani haina vipokezi vya homoni, kumbe ilikuwa navyo, na mgonjwa akanyimwa kidonge ambacho kingemsaidia.

Hospitali ikikupa chupa uipeleke mwenyewe, angalia mambo machache kabla hujatoka mlangoni. Chupa iwe imeandikwa jina lako kamili, titi la kulia au la kushoto, na tarehe na saa kinyama kilipotolewa. Ndani iwe formalini, si maji, si maji ya chumvi ya dripu, si spiriti. Usiiweke kwenye friza. Usiifungue, kwani formalini inachoma macho na ni sumu, na iwe mbali na watoto. Iende maabara siku hiyo hiyo au kesho yake, isingoje mtu wa familia anayesafiri wiki ijayo.

Maabara hukigandisha kinyama ndani ya nta, kikawa kama kipande cha mshumaa. Hukatwa vipande vyembamba mara nyingi kuliko unywele, vikatiwa rangi ya zambarau na waridi, na hapo daktari wa patholojia huviangalia kwa hadubini. Kile kipande cha nta huitwa bloku. Likumbuke neno hilo, tutalihitaji mbele.

Anza na jina na upande

Kabla ya kusoma kitu kingine kwenye karatasi, hakikisha jina ni lako, umri ni wako, na titi lililotajwa ndilo lililotolewa kinyama. “Right” ni kulia, “left” ni kushoto. Ni jambo dogo mpaka likosewe. Kisha tafuta sehemu iliyoandikwa “diagnosis” au “conclusion”. Mara nyingi iko chini, na ndiyo yenye jibu. Maelezo marefu yaliyo juu yake, ya vipande vingapi vilipokelewa na vina urefu gani, ni ya madaktari kusomeana.

Majibu huangukia katika makundi manne. La kwanza ni kwamba kinyama hakikutosha, “inadequate” au “insufficient”. Hilo si jibu la kwamba huna ugonjwa. Maana yake ni kwamba sindano haikupata kitu cha kusomeka, na biopsi irudiwe.

La pili ni “benign”, yaani si saratani. Humo utakuta majina kama “fibroadenoma”, ambacho ndicho kile kijipira cha wasichana, au “fibrocystic change”, mabadiliko ya kawaida ya titi yanayopanda na kushuka na hedhi. Hapa kuna tahadhari moja. Jibu zuri lazima lilingane na kile mkono na picha zilichoona. Ikiwa uvimbe ni mgumu kama jiwe, unakua, umeivuta ngozi au chuchu imeingia ndani, halafu karatasi inasema si saratani, kuna uwezekano sindano ilichoma pembeni ya uvimbe. Usiridhike na karatasi peke yake. Mwambie daktari: “Jibu limesema si saratani, lakini uvimbe bado unakua. Je, picha na karatasi vinakubaliana?” Daktari mzuri hatakasirika, kwa kuwa hilo ndilo swali analotakiwa kujiuliza mwenyewe.

Kundi la tatu ni la katikati. Ukiona neno “atypical”, seli zimeanza kwenda kombo lakini hazijafika kuwa saratani. Daktari anaweza kushauri sehemu hiyo itolewe na uwe ukichunguzwa kila mara. Ukiona “in situ”, seli za saratani zipo lakini bado zimefungiwa ndani ya mirija ya maziwa, kama moto uliomo ndani ya jiko. Hii hutibika vizuri sana, kwa upasuaji, na wakati mwingine mionzi. Anayeipuuza kwa kuwa “bado” anaupa moto nafasi ya kutoka jikoni.

La nne ni saratani iliyotoka, na alama yake ni neno “invasive” au “infiltrating”. Ukisoma “invasive ductal carcinoma”, au “no special type” kama maabara nyingi zinavyoandika sasa, ni saratani ya aina iliyo ya kawaida zaidi. “Lobular” ni aina nyingine, isiyo ya kawaida sana, ambayo huweza kukua kwa kujipanga kama uzi badala ya kuwa donge, na hivyo huweza kukwepa hata mamografia. Neno “invasive” huwatisha wengi wakadhani saratani imeshaenea mwilini. Sivyo. Maana yake ni kwamba imevuka ukuta wa mirija ya maziwa na kuingia kwenye nyama ya titi. Kama imefika kwingine, hilo halijulikani kwa karatasi hii.

Ikiwa ni saratani, tafuta daraja na vipokezi

Daraja, “grade”, ni namna seli zinavyoonekana kwa ukali. Daktari wa patholojia hutoa alama kwa mambo matatu: seli zinajipanga kiasi gani kama tezi za kawaida za titi, viini vyake vimeharibika umbo kiasi gani, na ngapi zimekamatwa zikiwa zinagawanyika. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 3, kisha zote hujumlishwa. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la kwanza, zile zinazokua polepole. 6 au 7 ni la pili. 8 au 9 ni la tatu, zinazokua kwa kasi. Ukiona kwenye karatasi 3+2+2=7, ndiyo hesabu yenyewe.

Sasa vipokezi, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu inayoamua dawa na ndiyo inayokosekana mara nyingi.

Baadhi ya saratani za matiti hulishwa na homoni za kike. Seli zake zina vitasa, na homoni ya estrojeni au projesteroni ni ufunguo unaoingia humo na kuiambia seli ikue. Vitasa hivyo ndivyo vipokezi, na kwenye karatasi huandikwa ER kwa estrojeni na PR kwa projesteroni, pamoja na asilimia ya seli zilizo navyo. Hata asilimia 1 inahesabiwa kuwa ipo, ingawa ikiwa kati ya 1 na 10 daktari ataizingatia kwa uangalifu zaidi. Aliye na vipokezi hivi ana bahati ya kuwa na dawa ya kidonge cha kila siku, kama tamoksifeni, inayoziba kitasa. Hunywewa kwa miaka 5, na kwa wengine hadi 10. Kwa waliokoma hedhi ziko pia anastrozoli na letrozoli. Wagonjwa wengi wa Kenya huwa na vipokezi hivi vya homoni, kwa hiyo kutopimwa ni hasara kubwa.

Kipimo cha tatu ni HER2, protini inayoisukuma seli kugawanyika. Hupewa alama 0, 1+, 2+ au 3+. 0 na 1+ huhesabiwa kuwa haina. 3+ inayo, na ina dawa yake maalumu iitwayo trastuzumabu, inayotolewa kwa sindano au dripu pamoja na kemotherapi. 2+ ni shaka: haisemi ndiyo wala la, na inahitaji kipimo kingine, mara nyingi kile kiitwacho FISH. Ukiona 2+ na hakuna karatasi nyingine, jibu lako halijaisha. Uliza kipimo cha pili kitafanyiwa wapi.

Sasa jambo linalowachanganya watu wengi. Miaka mingi ya kampeni za Ukimwi imetufundisha kwamba “positive” ni habari mbaya na “negative” ni habari njema. Kwenye karatasi ya titi maneno hayo hayana maana hiyo. “ER positive” haina uhusiano wowote na virusi vya Ukimwi. Inasema tu kwamba vipokezi vya estrojeni vipo, na hivyo kidonge kitafanya kazi. “ER negative” haimaanishi kwamba huna saratani. Wako watu waliosoma “negative” mara tatu, wakashangilia, wakarudi nyumbani. Kumbe walisoma aina ambayo vipokezi vyote vitatu havipo, “triple negative”, inayohitaji kuwahiwa kuliko nyingine.

Aina hiyo huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika na kwa walio na umri mdogo. Haisikii kidonge cha homoni wala trastuzumabu, lakini si kweli kwamba haina tiba. Kemotherapi huifanyia kazi, na mara nyingi hutangulizwa kabla ya upasuaji ili uvimbe upungue.

Tuchukue karatasi mbili za mfano, za watu wa kubuni. Mama wa miaka 58 ana jibu linalosema: saratani iliyotoka, daraja la 2, ER asilimia 90, PR asilimia 40, HER2 1+. Huyu atahitaji upasuaji, pengine mionzi, na kidonge cha homoni kwa miaka. Kemotherapi itategemea ukubwa wa uvimbe na hali ya kwapa. Dada wa miaka 34 ana uvimbe wa ukubwa uleule, lakini karatasi yake inasema daraja la 3, ER 0, PR 0, HER2 3+. Kwake kidonge cha homoni hakina kazi. Anahitaji kemotherapi na trastuzumabu, na huenda vikaanza kabla ya kisu. Wote wawili wana “saratani ya titi”. Ukimpa mmoja matibabu ya mwenzake, umemkosesha yake. Ndiyo maana ushauri wa jirani aliyepona, hata ukiwa wa upendo, hauwezi kuwa dawa yako.

Karatasi ya biopsi haisemi hatua

Watu huuliza, “Ni stage ngapi?” wakitegemea jibu liwe kwenye karatasi ya biopsi. Halimo. Daraja ni ukali wa seli. Hatua ni umbali saratani ilikofika. Mtu anaweza kuwa na daraja la 3 katika hatua ya kwanza, na mwingine daraja la 1 katika hatua ya nne. Kujua hatua, daktari hupima ukubwa wa uvimbe, hupapasa mitoki ya kwapani, na inapohitajika huagiza picha za kifua, ini na mifupa. Uvimbe usiozidi sentimita 2 uko katika kundi dogo la ukubwa. Wa zaidi ya 2 hadi 5 ni wa kati. Unaozidi 5 ni mkubwa. Na uliopasua ngozi au kushikana na ukuta wa kifua huhesabiwa kivyake. Aliyesoma daraja la 3 akadhani yuko hatua ya tatu amejihukumu bure.

Baada ya upasuaji huja karatasi nyingine, na watu wengi hawaifuati kwa kuwa wanaona kazi imeisha. Ifuate. Ina ukubwa kamili wa uvimbe uliopimwa mezani. Ina “margins”, yaani kingo za nyama iliyotolewa: zikiwa safi, “clear” au “negative”, hakuna saratani iliyofika ukingoni, zikiwa na saratani, huenda ukahitaji kukatwa tena kidogo au kupewa mionzi. Na ina hesabu ya tezi za kwapani, ambayo huandikwa kama 2/14. Si tarehe. Tezi 14 zilipatikana na kuangaliwa, na 2 zilikuwa na saratani. Hapa “negative” kwa kweli ni habari njema.

Wanaume nao wasiiruke kurasa hii. Takriban mgonjwa mmoja katika kila mia wa saratani ya titi ni mwanamume, na uvimbe nyuma ya chuchu ya mwanamume hupimwa kwa njia hiyo hiyo.

Karatasi ni ya mgonjwa

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yaliyopo, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Ukizungumziwa Kiingereza na hukuelewa, omba Kiswahili. Kigiriama pia kikiwa na mhudumu wa kukusaidia. Mumeo, mama yako au mwanao anaweza kukusindikiza, na ni vizuri awepo, kwani masikio mawili yaliyoshtuka hayasikii yote. Lakini kumwita mume kando na kumpa majibu ya mke, mke akiwa benchi nje, si desturi ya kuendelezwa. Jibu ni la mwenye titi kwanza.

Kuhusu gharama, hakikisha usajili wako wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, uko hai na michango imelipwa. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#, na wahudumu wa afya ya jamii vijijini husaidia wasio na simu. Kabla ya biopsi uliza maswali mawili: SHA inalipia nini katika hospitali hii, na je, vipimo vya ER, PR na HER2 vimo kwenye bei au vinatozwa kando? Mara nyingi hutozwa kando, na ndiyo sababu karatasi nyingi huishia kwenye neno saratani bila vipokezi. Afadhali ujue siku ya kwanza kuliko kugundua wiki ya sita.

Ukiwa na uvimbe, au ngozi ya titi imebonyea au kuwa kama ganda la chungwa, au chuchu inatoa damu, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu upate barua ya rufaa. Usingoje maumivu, kwani saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi. Hospitali ya rufaa ya kaunti itaendelea na uchunguzi au kukuelekeza mbele, na wanaohitaji kituo cha saratani kutoka Kilifi wengi huelekezwa Coast General, Mombasa.

Ukitaka daktari mwingine aangalie jibu, au hospitali unayohamia ikitaka vipimo zaidi, si lazima uchomwe tena. Omba maabara ya kwanza ikupe ile bloku ya nta na vioo vyake. Huhifadhiwa kwa miaka, na vipokezi vinaweza kupimwa kutoka humo. Piga picha ya kila ukurasa wa majibu kwa simu, na karatasi zenyewe uzitie kwenye mfuko wa plastiki zisilowe mvua. Mahali popote utakapotibiwa zitaulizwa. Juu ya ukurasa wa kwanza pana nambari ya maabara. Iandike pia nyuma ya kadi yako ya kliniki, kwa kuwa karatasi ikipotea, kwa nambari hiyo na jina lako ndivyo maabara itakavyotafuta nakala.